Mwaka wa Majenerali Wawili

Tulimzika Mkamburi mwezi uliopita, huko Sagalla, kwenye shamba la watoto wake, na mimi nikapewa dakika tatu za kusema. Dakika tatu! Mtu niliyelala naye kitanda kimoja, niliyemsuka nywele na kumfunikia sahani ya chakula, nimmalize kwa dakika tatu, huku kijana wa kuongoza shughuli amesimama nyuma yangu akitazama saa kama mkaguzi wa tiketi. Nilisema yaliyosemeka, kisha nikaomba maji. Mjukuu wake mmoja akaniletea chupa, akanifungulia, akaninong'oneza pole, Nyanya, jua limekuwa kali. Wote walidhani nina kiu. Nilichofanya na maji yale nitakieleza mwishoni, maana hakieleweki bila kuujua mwaka mmoja wa ujana wetu pale Voi, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, mwaka ambao shangazi yetu mpaka anakufa aliuita mwaka wa majenerali wawili. Habari za kuzaliwa kwangu na kusoma kwangu siziweki hapa. Hazina ajabu yoyote.

Shangazi Wakesho alikuwa na hoteli mkabala na stesheni. Ilikuwa nyumba ya mabati yenye vyumba viwili: cha mbele kilikuwa na meza nne na mabenchi, cha nyuma kilikuwa na kitanda, gunia la unga, mitungi, na sisi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, mwalimu wa darasa la kwanza asiye na cheti, nikilala kwa Shangazi kwa sababu shule ilikuwa karibu. Mkamburi, binti wa kaka yake Baba, alikuwa mpishi wa hoteli. Tulilala mzungu wa nne, miguu yake kichwani kwangu, na kila alfajiri aliponyanyuka kwenda kukanda unga wa mahamri alinikanyaga nywele, nami nikamtukana, naye akacheka. Nikikumbuka Voi ya siku zile nakumbuka kwanza harufu: mafuta ya taa, mahamri, na moshi wa makaa ya mawe uliokuwa ukishuka juu ya nguo zetu kwenye kamba. Abiria wa kwenda Moshi walishuka pale kungoja treni ya Taveta, wakaingia kunywa chai na kula maharagwe. Jumapili Shangazi alipika kimanga, mihogo na maharagwe vilivyopondwa pamoja mpaka mwiko unasimama, na hicho hakikuuzwa. Kilikuwa chetu. Nimekula kwenye hoteli kubwa tangu hapo, za vitambaa vya meza, na sijashiba vile tena.

Sasa, Baba yangu na baba yake Mkamburi, yaani Baba Mkubwa Mwandoe, walikuwa hawasemezani. Baba alikwenda vitani Burma na Keya, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, na alipokuwa huko nyanya yetu akafa. Baba Mkubwa akamzika, na hakutuma habari, akisema mtu aliye vitani haongezewi mzigo. Vita vilipokwisha Baba alipanda mlima wetu wa Sagalla na buti zake, amebeba shali ya sufu aliyomnunulia mamaye bandarini huko Bara Hindi, akaonyeshwa kaburi lililokwisha ota nyasi. Hakulia. Alisema, "Kuanzia leo sina kaka," akaikunja shali akaiweka sandukuni. Shangazi alikuwepo kwenye mazishi yale na alikubaliana na kila kitu, lakini Baba hakumkasirikia yeye hata siku moja. Mtu huchagua wa kumkasirikia. Sisi watoto tukaambiwa tusivuke mpaka wa mashamba, tusile kwao, nao wasile kwetu. Kumbe huko chini Voi, kwa Shangazi, Mkamburi na mimi tulikuwa tukila sahani moja kila siku ya Mungu.

Ila Jumamosi. Jumamosi Baba aliteremka mlimani na mboga zake za kuuza kwa watu wa reli, na saa tano hivi aliingia hotelini. Sauti yake ikisikika tu pale mbele, Mkamburi aliweka mwiko chini, akajifuta mikono, akatoka kwa mlango wa nyuma akaenda kukaa kwenye kivuli cha tangi la maji la reli mpaka Baba aondoke. Sahani yake niliifunika. Baba alikuja nyuma kunawa, akaiona sahani iliyofunikwa, akaona khanga ya pili kwenye msumari, akanawa, akarudi mbele. Hakuuliza kamwe. Nami niliogopa kumwambia, na moyo wangu uliniuma kila nikimtazama yule msichana akienda zake juani kama mtu aliyeiba.

Gazeti la Kiswahili lilikuja kwa treni ya Nairobi, na kazi ya kulisoma kwa sauti ilikuwa yangu, kwa sababu Mzee Kilonzo macho yake yalikuwa yamechoka. Huyu alikuwa Mkamba wa kupiga ishara za treni, mtu wa watu, aliyetupatia maji ya tangi la reli na kwa ajili hiyo hakulipia chai maishani mwake. Mwaka ule gazeti lilikuwa halikosi habari za Marekani. Jenerali mmoja wa huko, aliyeamrisha majeshi ya mataifa mengi katika vita vya Wadachi, alikuwa amevua magwanda na sasa alitaka urais. Basi hoteli ikapata kazi. Ungedhani wao ndio watakaopiga kura! Mzee Kilonzo alisema huyo atashinda asubuhi na mapema, kwani mtu aliyevusha majeshi baharini hashindwi kuvusha raia. Wengine wakamkatalia: mwanajeshi amezoea kujibiwa ndiyo afande, na raia akiambiwa geuka kulia huuliza kwa nini. Walipima umri wake, wakapima umri wa mwenzake, wakauliza kama amewahi kulima. Mimi nilisoma, Mkamburi akasikiliza kupitia ukuta wa mabati, na usiku tulibishana sisi wenyewe mpaka Shangazi akatupigia makofi ya kutunyamazisha.

Lakini swali lililokata ubishi lilikuwa la Shangazi. Alitoka na birika, akawamiminia, akasema, "Huyo jenerali wenu, tangu atoke vitani, ametasa?"

Lazima nieleze, maana wajukuu wa Mkamburi wenyewe hawajui. Kwetu hasira si siri ya mtu. Hasira ya mtu wa damu yako, hata kama amefunga mdomo, inatembea. Inaingia kwa watoto, kwa mifugo, kwa mvua. Dawa yake ni kutasa. Mwenye hasira hupiga funda la maji au la pombe ya miwa, akalipuliza nje kama manyunyu, akataja kwa sauti kile anachokiachilia, kisha akamwombea heri aliyemkasirikia. Lazima useme kwa sauti. Ukinong'ona hujafanya kitu. Na mtu aliyetoka vitani, aliyeua au kuona watu wakiuawa, hakupewa hata mtoto kumpakata kabla ya kusafishwa namna hiyo. Misheni waliikataza kabisa, wakaiita ushenzi. Mtu wa kanisa akionekana anatasa alitengwa na meza ya Bwana.

Kwa hiyo swali la Shangazi lilikuwa zito. Juma lililofuata gazeti likaja na picha. Jenerali ameinua mikono yote miwili, anacheka meno yote nje, kama mtu aliyeletewa mtoto wa kiume. Shangazi aliichukua picha ile, akaisogeza dirishani, akaitazama muda mrefu. Akasema huyu hana kitu moyoni, huyu ametasa, na atashinda. Ikawa ndiyo habari iliyokubalika Voi yote, kwamba Wamarekani nao wanatasa. Ubishi uliobaki ulikuwa kama wanatumia maji au wiski.

Jenerali wa pili alikuwa Baba. Cheo chake cha kweli kilikuwa sajini, lakini watu wa Sagalla walimwita Jenerali tangu aliporudi, kwa sababu aliwapanga vijana wa kanisa mistari miwili hata kwenda kuchota mchanga, na alilimisha matuta kwa filimbi. Mwaka ule Bwana Disii, Mzungu mkuu wa wilaya, alikuja mlimani akasema serikali itatoa mabomba ya kuteremsha maji ya chemchemi mpaka vijiji vya chini, lakini kwanza watu waunde chama, na chama kichague rais wake. Nani asiyejua maji yalivyotutesa? Mama yangu alitoka nyumbani nyota zikiwaka na kurudi jua limechomoza, mtungi mmoja mgongoni. Baba akasema atasimama. Aliyesimama dhidi yake alikuwa karani wa misheni, mtu mpole mwenye mkono mzuri wa kuandika. Na chemchemi yenyewe ilikuwa wapi? Kwenye shamba la Baba Mkubwa Mwandoe. Naye alikuwa amesema wazi: maji hatamnyima mtu, lakini mguu wa mdogo wake hautakanyaga pale mpaka aje aseme naye.

Basi hotelini wakaanza kuwapima majenerali wawili kwa pamoja. Mzee Kilonzo ndiye aliyelisema kama lilivyo, siku moja Baba alipokuwa hayupo. Alisema Jenerali wa Sagalla anaijua kazi kuliko mtu yeyote, na mabomba yale yanamtaka mtu wa namna yake. Lakini wazee wa mlimani hawamwachii maji mtu mwenye hasira na kaka yake, kwani yatakauka. Akitasa, watu wa kanisa, ambao ndio wengi, watampa kisogo. Asipotasa, hata akishinda hapiti kwa Mwandoe. Nilimsikia kutoka nyuma, Mkamburi ameushika mkono wangu. Hakuna aliyetaja jina lake, ila sote wawili tulijua kwamba katika hesabu ile umo pia mlango wa nyuma. Baba akishinda na hasira yake, sisi wawili tutaendelea kufichana mpaka tuolewe.

Baba mwenyewe aliamini atapita katikati. Alimwambia Shangazi kwamba watu wana kiu, na mwenye kiu haulizi moyo wa mtu. Shangazi akamwekea ile picha ya gazetini mbele yake, akamwambia amtazame mwenzake anavyocheka. Baba aliitazama bila kugeuza uso. Akasema sisi tulipigana bila kupigwa picha, akamaliza chai yake. Na ni kweli, tangu arudi Burma sikuwahi kuyaona meno ya Baba yangu.

Jumamosi iliyotangulia uchaguzi wa chama, Mkamburi alikuwa kitandani na homa. Ilikuwa siku yake ya tatu. Hoteli ilijaa watu wa treni ya Taveta, Mzee Kilonzo yuko mahali pake, na karibu na mlango walikuwa wamekaa wanawake wa kanisa kutoka mlimani na vikapu vyao. Nikasikia sauti ya Baba. Mkamburi naye akaisikia. Alijitoa blanketi, akashusha miguu chini, akajaribu kusimama aende mlango wa nyuma kama kawaida yake. Magoti hayakumshika. Nikamdaka, na ndivyo Baba alivyotukuta alipoingia kunawa, mimi nimemkumbatia, yeye bado anapapasa ukuta kutafuta njia.

Mkamburi alikuwa ndiye mwenye jina la nyanya yetu. Alikuwa na sura yake pia, kila mtu alisema hivyo, paji lile pana na macho yaliyokaa mbalimbali. Baba hakuwa amemtazama usoni tangu akiwa mtoto mdogo. Alisimama pale maji yakimdondoka mikononi.

"Unakwenda wapi, Mama?" akamuuliza.

"Natoka, Baba Mdogo," Mkamburi akasema. "Nakupisha."

Sijui kama alijua alichokisema, homa ilikuwa juu. Lakini nilimwona Baba akilipokea neno lile mwilini kabisa. Alimchukua kutoka mikononi mwangu, akamlaza, akamfunika mwenyewe. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mgongo umenyooka vilevile kama askari, na mara nikaona mabega yake yanatikisika. Kisha akaniambia, taratibu sana, nimletee maji. Nikamletea kikombe nikidhani ni ya kumnywesha mgonjwa. Shangazi, aliyekuwa amesimama kwenye kizingiti, alielewa kabla yangu. Alishika mlango wa kwenda mbele ili aufunge, na kwa hilo sitaacha kumpenda. Alitaka kumpa kaka yake vyote viwili, amani yake na urais wake.

"Uache wazi, Dada," Baba akasema.

Akapiga funda. Akayapuliza, manyunyu yakaanguka kwenye sakafu ya udongo na mengine miguuni pangu, ya baridi. Akasema kwa sauti ile ya kuamrisha vijana: "Mwandoe, mwana wa mama yangu. Ulimzika mama bila mimi. Nilikukasirikia kwa hilo, na hasira yangu imefika mpaka kwa mtoto. Leo naitoa. Mungu akupe heri, nyumba yako ipoe, na huyu mwenye jina la mama apone." Akapuliza tena. Pale mbele walisikia kila neno. Kisha nikamwona mwanamke mmoja wa kanisa akiinuka, akachukua kikapu chake, akatoka, chai yake imebaki nusu. Wenzake wakamfuata. Baba aliwaona. Aliniambia nimwongezee mgonjwa blanketi.

Mkamburi alipona. Mimi nilisema ni kwinini ya zahanati, Shangazi akasema ni maji, na Mkamburi akasema tuache kelele anataka uji. Baba Mkubwa aliteremka Jumatatu, habari imekwisha mfikia. Aliingia kwa mlango wa mbele na kofia mkononi, mzee yule mrefu, akakuta Baba, ambaye hakuwa ameondoka kwa mgonjwa tangu Jumamosi, amekaa. Hawakusema lolote la maana. Waliulizana habari za mvua na za ng'ombe mmoja aliyekuwa ameshakufa siku nyingi. Shangazi aliwaletea kimanga kwenye sahani moja, ingawa haikuwa Jumapili, nao wakala kwa mkono, kila mmoja akimsukumia mwenzake upande wenye maharagwe. Mimi na Mkamburi tuliwachungulia kupitia tundu la msumari kwenye mabati, tukisukumana, na nikamwona Shangazi wetu, mwanamke asiyetoa chozi hata kwa kitunguu, akienda kusimama nyuma ya nyumba peke yake.

Uchaguzi ulifanyika kwenye uwanja wa shule, mchana, watu wakipanga mstari nyuma ya wampendaye. Mchungaji alikuwa amekwisha msomea Baba kutengwa kwake Jumapili ile, mbele ya kanisa zima. Mstari wa karani ulizunguka uwanja. Nyuma ya Baba walisimama wazee wachache wa mlimani, mama yangu, Shangazi aliyefunga hoteli siku ile, Mkamburi aliyekuwa bado mwembamba kama ufito, na mimi. Wa kwanza kabisa, kifua chake kikigusa mgongo wa Baba, alikuwa Baba Mkubwa. Bwana Disii alipotangaza, Baba aligeuka nyuma kuuangalia mstari wake, akamkuta kaka yake pale, na akacheka. Akacheka kwa sauti, kichwa nyuma. Ndipo nilipoona kwamba alikuwa na pengo upande wa juu, jino lililobaki Burma. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na sikuwa nikilijua pengo la baba yangu.

Karani alikuwa rais mzuri, sina la kumsema. Kazi ya kuchimba na kulaza mabomba alimwachia Baba, naye Baba akaifanya kwa filimbi, kuanzia chemchemi ya kaka yake mpaka chini. Ile shali aliitoa sandukuni akanipa mimi nimpelekee mwenye jina. Mkamburi alijifunika nayo, akabebea watoto wake wote, mpaka ikaisha. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza, na nchi nayo ilikuwa imeanza kuchafuka, askari wakishuka na kupanda treni kila siku, gazeti lilipofika na habari kwamba jenerali wa Marekani ameshinda. Niliisoma kwa sauti. Mzee Kilonzo akadai chai ya bure, ambayo alikuwa akinywa tayari. Shangazi akamgeukia Baba, akamtania kwamba mwenzake amepata urais na yeye amepata kufukuzwa kanisani.

Baba aliniuliza kama yule jenerali ana ndugu. Nikatafuta gazetini, nikamwambia anao, wametajwa hapa.

"Wanasemezana?"

Nikasema hawakuandika hivyo. Baba akapuliza chai yake.

"Basi msimwonee wivu mapema," akasema, akampisha Mkamburi kwenye benchi akae.

Miaka yote iliyofuata Mkamburi na mimi tuligombana, kama watu wanaopendana, na tulipatana kabla chungu hakijapoa. Ila mwezi uliopita, niliposimama pale kaburini na dakika zangu tatu, nilikuwa na hasira naye. Alikuwa mdogo wangu kwa mwaka mzima. Haki ilikuwa yeye anizike mimi. Kwa hiyo nilipoomba maji sikuwa na kiu. Nilipiga funda, mchungaji kijana akinitazama, nikayapuliza juu ya udongo ule mwekundu, nikasema kwa sauti ili kila mtu asikie, "Mkamburi, umetoka bila mimi. Nilikukasirikia kwa hilo. Leo naitoa. Nenda kwa mlango wa mbele."